Hakukuwa na Mwizi

Somanda, Bariadi
Jumapili, saa kumi jioni

Mwanangu Kabula,

Shuleni tulifundishwa barua ianze hivi: mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali nami. Mwalimu wetu alitucharaza kwa kusahau hata neno moja la hapo. Sasa nimekaa kwenye benchi nje ya chumba chetu cha kupanga, wewe uko nyumba ya tatu unasukwa nywele, na kicheko chako nakisikia mpaka hapa. Hupo mbali nami hata kidogo. Lakini hofu na mashaka ni kwako kweli, na nadhani ni mara ya kwanza naiandika sentensi ile bila kudanganya.

Basi la kukupeleka chuoni Dodoma linaondoka alfajiri. Mama yako amelipanga begi lako na kulipangua mara tatu, na kila akilipangua michembe ya viazi vitamu inaongezeka. Mambo ya chumvi, kofia ya jua, mikono mirefu na siku za kliniki ameshakuambia, atakuambia tena usiku, na kesho stendi atakuambia kupitia dirishani huku basi likiondoka. Hayo namwachia yeye. Mimi nina jambo moja tu, na kwa mdomo limenishinda miezi yote hii, ndiyo maana nimeomba karatasi kwa jirani.

Kwenye barua ya rufaa uliyopewa kupeleka kwa daktari wa Dodoma, mstari wa nne kutoka chini, pameandikwa: mgonjwa hazingatii dawa. Wewe unajua si kweli. Mimi najua si kweli. Daktari wa huko hajui. Ataisoma kabla hajakutazama usoni, na kwa maneno hayo matatu ataamua kama wewe ni mtu wa kuaminiwa na dawa kali zinazolinda kilichobaki cha figo zako. Maneno hayo niliyaweka mimi. Nivumilie nieleze tangu mwanzo, maana hata mama yako hajui yote.

Ulipoanza kuumwa tulikuwa bado Nkoma, msimu wa kuchuma pamba. Ulisema vidole vinauma na magoti yanakaza asubuhi. Nikakuambia uvivu una majina mengi. Wenzako walikuwa wanamaliza mistari, wewe umekaa chini ya kivuli cha gunia unajikanda mikono, na mimi nakupigia kelele watu wote shambani wasikie. Nilitaka wasikie. Nilikuwa baba wa namna hiyo.

Kisha mashavu yakawa mekundu, na wekundu ule ukapita juu ya pua. Mimi na akili zangu nikajua ni mkorogo. Niliingia chumbani kwako nikatoa kila kopo, hata mafuta ya nazi ya mama yako, nikayatupa chooni. Ulisema, "Baba, sijapaka kitu." Nikasema, "Uso wako ndio umesema." Leo najua uso wako ulikuwa unasema kweli na mimi ndiye sikuijua lugha yake.

Halafu ukavimba. Macho asubuhi, miguu jioni. Hapo, mwanangu, nilifurahi. Watu kanisani walinishika mkono: "Binti amenawiri! Mnamlisha nini?" Nami nikajibu kwa majivuno kwamba nyumbani kwangu hakuna njaa. Sikuwa nimekula mimi sifa za namna hiyo kwa muda mrefu, nikazila zote. Mama yako ndiye aliyeona povu kwenye ndoo uliyokuwa ukiitumia kujisaidia usiku, povu lisilokwisha, kama la sabuni ya unga. Nilimwambia aache kuosha ndoo kwa sabuni nyingi. Siku ulipoanguka kisimani ndipo nilipokodi pikipiki, tukakuweka katikati, tukaja hospitali hapa mjini, na wao wakatusukuma Mwanza.

Yule daktari wa Mwanza unamkumbuka, mama mfupi mwenye miwani ya kamba. Walikuwa wamekuchoma sindano ya mgongoni kutoa kinyama kidogo cha figo, na wewe ulikuwa umelala kifudifudi unatuambia tusikuangalie. Alinivuta pembeni akachukua karatasi akachora. Alisema mwili una askari. Wanaitwa kingamwili. Kazi yao ni kumshika mgeni, kumng'ang'ania, na kuita wenzao waje kummaliza. Nikamwambia, "Daktari, hapo umefika kwangu, nilikuwa kamanda wa sungusungu wa kulinda kijiji miaka mingi." Akatabasamu. Akasema, "Basi mzee utanielewa haraka. Hawa askari wa binti yako wanawapiga watu wa nyumbani."

Nikamuuliza swali ambalo kamanda yeyote angeuliza. Mwizi ni nani? Wanamtafuta nani?

Akasema, "Hakuna mwizi, mzee. Ndio ugonjwa wenyewe."

Nikakaa chini. Mama yako alidhani nimeshtushwa na jina la ugonjwa, lupus. Sikushtushwa na jina. Yale maneno nilikuwa nimeshaambiwa na mtu mwingine, akiwa chini, na mimi nimesimama juu yake.

Hukumfahamu vizuri baba yako mdogo Njile. Ulikuwa hujaanza shule alipohama Nkoma kwenda Mwandoya kwa wakwe zake. Tulikuambia alifuata malisho. Si kweli hiyo nayo.

Asubuhi moja niliamka nikakuta lango la zizi liko wazi na ng'ombe wangu wanne hawapo. Nilifuata nyayo mpaka zikapotea kwenye ardhi ngumu, karibu na kwa Njile. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na ngozi nyekundu imewambwa kwa vijiti, imefunikwa matawi. Miongoni mwa wanne wangu mmoja alikuwa mwekundu. Sikuuliza. Nilipiga mwano. Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki kuusikia: ni yowe la hatari, na ukishalipiga kila mwanaume anatoka na fimbo yake na filimbi yake, na wa kijiji cha pili akisikia naye anaupokea, na anayekuja haulizi, kwa sababu aliyeupiga ndiye anayejua. Walikuja kutoka pande zote. Mimi nilikuwa kamanda. Nilinyoosha kidole.

Njile alikuwa anasema, "Hakuna mwizi hapa, kaka. Kaka, hakuna mwizi hapa." Alisema hivyo mpaka sauti ikakata.

Ile ngozi ilikuwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Alikuwa amekufa kwa ugonjwa juzi yake, na sheria ya kijiji ilitaka mzoga wa namna hiyo uripotiwe na kufukiwa wote. Njile aliona uchungu ngozi ioze, akaichuna akaificha. Hilo tu. Jioni ng'ombe wangu walionekana kwenye ngitili ya jirani, yale malisho tunayoyafungia kwa ajili ya kiangazi, wanakula taratibu. Lango la zizi nilikuwa sijalifunga vizuri mimi mwenyewe.

Sasa sikiliza alivyoendelea daktari, utaona kwa nini nilikaa chini. Alisema kila siku ndani ya mwili chembe hai zinakufa, ndivyo tulivyoumbwa, na mabaki yake husafishwa kabla hayajaonekana. Kwa mwenye lupus usafi huo unachelewa. Vitu vilivyotakiwa vibaki ndani kabisa, vile vinasaba vinavyokaa katikati ya chembe, vinabaki nje vimelala. Askari wanaviona. Hawajazoea kuviona huko. Wanasema huyu ni mgeni, wanavishika, na wanafundisha wengine kuvishika. Nikaiona ile ngozi kwenye vijiti, Kabula. Kitu kilichokufa nyumbani kwa mwenyewe, hakikufukiwa, na mjinga mmoja akakiona.

Askari na walichokishika wanagandamana, akasema, wanakuwa vifundo, damu inavibeba. Na damu yote lazima ipite kwenye figo ikachujwe. Vifundo vinanasa kwenye vichujio. Mara nyingine askari wanashikia palepale kwenye kichujio. Vyovyote iwavyo, wakishanasa hapo wanaita. Damu ina protini ambazo kazi yake ni kuitikia wito huo, moja inaamsha nyingine, na chembe nyeupe zinakuja mbio na silaha zao. Nikamwambia, "Ni mwano." Hakulijua neno, yeye ni mtu wa Kilimanjaro. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema ndiyo, ni huo, na waliokuja hawaulizi.

Kinachopigwa ni kichujio, ambacho hakikuiba kitu. Kinavimba, matundu yake yanalegea, protini iliyotakiwa kubaki kwenye damu inatoka na mkojo. Ndilo povu la mama yako. Damu ikipungukiwa na protini hiyo, na figo zikishindwa kutoa chumvi, maji yanahamia usoni na miguuni. Ndiyo afya niliyopongezwa kanisani. Na vurugu ikidumu, akasema, pale palipopigwa panaota kovu, na kovu halichuji. Moto unaweza kuzimwa, ila kovu halirudi kuwa nyama.

Nilimuuliza umeupata wapi, nani kakutupia. Akasema hakuna aliyekutupia. Mwingine anazaliwa na mwelekeo huo, halafu jua, au homoni, au maambukizi, vinauamsha, na hata wao hawajui yote. Hukufanya kosa lolote. Nakuandikia hili kwa sababu najua usiku mwingine huwa unajiuliza.

Mpaka hapo nilikuwa baba mjinga, na ujinga husamehewa. Linalofuata si ujinga.

Ulipewa vidonge. Dawa zako, daktari alisema, zinawatuliza askari, zinawapunguza nguvu ili figo zipumue. Nilielewa kila neno na sikulikubali hata moja. Mimi niwanyang'anye askari fimbo? Lakini ulianza kupata nafuu, povu likapungua, tukahamia hapa Somanda ili uwe karibu na kliniki. Kwa kuwa asubuhi vidole vyako vilikuwa vigumu, mimi ndiye niliyekuwa nakutolea vidonge kwenye karatasi zake na kukuwekea kiganjani, na uji pembeni. Nilijivunia kazi ile. Nilikuwa sijawahi kumhudumia mtoto wangu yeyote kwa mikono yangu.

Kisha uso wako ukajaa ukawa mviringo kwa sababu ya dawa, na ukapata mkanda wa jeshi, yale malengelenge ya moto, ubavuni. Unajua watu wakiona mkanda wa jeshi kwa binti wanasema ni ukimwi. Hawakusema mbele yangu. Walisema bombani, mama yako akarudi na ndoo tupu analia. Daktari alikuwa ametuonya kuwa askari wakitulizwa ugonjwa mwingine unaweza kupenya, na akakupa dawa ya ule mkanda, na ukapona. Mimi nikaona aibu tu. Nikaona kijiji kisicho na ulinzi.

Sokoni kulikuwa na yule bwana mwenye kipaza sauti, anauza unga wa mizizi wa kuongeza kinga. Kuongeza kinga! Nilinunua. Nilikuwa nakuchanganyia kwenye uji. Na vidonge nikaanza kukupa nusu. Ulipouliza mbona vimepungua, nilikuambia daktari amepiga simu, kasema upunguze.

Daktari hakupiga simu yoyote, Kabula.

Uliniamini. Ulisema, "Afadhali, baba," ukafurahi, kwa sababu ulidhani unapona. Kwa miezi minne nilikuwa nawapa fimbo wale wanaokupiga, kila asubuhi, kwa mkono huu ninaoandikia, na kukuambia unywe uji wote.

Uliporudi kuvimba na presha ikapanda mpaka ukaanza kuona ukungu, tulirudi Mwanza. Sindano ya mgongoni tena. Yule daktari alikuja na majibu amekasirika, nadhani kwa sababu alikupenda. Alisema sehemu ya vichujio imeshakuwa kovu. Alisema kilichobaki kinatosha kuishi nacho kama hakutawaka moto mwingine, na ukiwaka atakuwa anazungumzia mashine ya kusafisha damu. Kisha akakuuliza, "Ulipunguza dawa?"

Ukageuza kichwa ukanitazama. Hapo ndipo ulipojua. Niliona unavyojua, kidogo kidogo, simu isiyopigwa, unga wa kwenye uji, yote. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema. Mwanaume aliyewahi kuamrisha watu mia uwanjani alitazama sakafu.

Ukasema, "Nilipunguza, daktari. Nitajitahidi."

Akakugombeza. Alikuambia wenzako wanazitafuta dawa hizo hawazipati, wewe unachezea maisha yako, akaandika. Nilisikia kalamu. Tulipotoka kwenye korido nilifungua mdomo, nawe ukasema tu, "Twende, baba. Miguu inaniuma." Nikakushika mkono tukaenda. Tangu siku ile hujanitajia, na dawa zako unazitoa mwenyewe kwenye karatasi, hata asubuhi vidole vinapogoma. Huwa nakuona unatumia meno.

Sijui kama ulinisitiri kwa upendo au kwa kuchoka. Nimejiuliza sana. Yote mawili yananiuma.

Ulikuwa bado wodini taarifa ya kifo cha Njile ilipofika. Nilikwenda Mwandoya kuzika. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimempelekea ng'ombe wa fidia, wazuri, kwa mikono ya wazee. Mdomo wangu sikuupeleka. Kila mwaka nilisema baada ya mavuno. Baada ya mavuno nilisema baada ya mvua. Goti lake halikunyooka tena tangu siku ya mwano mpaka anaingia kaburini, nimeambiwa alikuwa akipalilia pamba yake amekaa chini, anajisogeza kwa makalio. Nilipomsogelea mjane wake nimwambie nilichokuwa nimekibeba, aliniinamia kwa heshima kama shemeji anavyostahili, akasema, "Umechelewa, shemeji. Mwenye masikio yake yupo pale." Akaonyesha udongo. Wakanipa jembe la kufukia nami nikafukia.

Majuto ni mjukuu, watu husema, na wakishasema wanaenda zao kula. Mimi mjukuu huyu analala kwangu. Sitaki wawe wawili.

Kwa hiyo sina mawaidha mengi, na wewe siku hizi una akili kuliko mimi. Ninachojua ni kidogo na nilikipata kwa gharama ya miili ya watu wengine. Najua kwamba anayepiga yowe huwa ana uhakika. Mimi nilikuwa na uhakika kwa Njile na nilikuwa na uhakika kwenye uji wako. Najua kovu linaanza siku ileile, si siku unayoliona. Ukiliona povu, usingoje likizo, usingoje kuniuliza. Mtu akikupa dawa mkononi, hata awe mimi, hata awe mume utakayempata, hesabu mwenyewe. Na ukichoka nazo, maana utachoka, zinachosha, nenda kamwambie daktari umechoka. Mwambie siku hiyohiyo. Usifiche kwa ajili ya kumpendeza mtu.

Mama yako hajui habari ya vidonge. Nitamwambia kesho tukirudi kutoka stendi, tukiwa njiani, kabla hatujafika nyumbani na kupata visingizio. Sijui ataninyamazia kwa muda gani. Ukipiga simu ukasikia sauti yake imebadilika, ujue sababu.

Sikuombi unisamehe kabla ya safari. Mtu anayepanda basi asibebeshwe mzigo wa mtu anayebaki. Ukitaka kunikasirikia, Dodoma ni mbali, utanikasirikia kwa nafasi. Nitaipokea simu yako vyovyote.

Sasa umemaliza kusukwa, nakusikia unawaaga. Unakuja huku unaburuta ndala, miguu imeanza kuvimba tena kidogo jioni hii, nimeiona, na wewe umeona kwamba nimeiona. Sitakuambia kitu. Nitauliza nywele zimekaa vizuri, nawe utasema, "Baba unajua nini kuhusu nywele."

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, imekunjwa peke yake. Ni ya daktari wa Dodoma. Nimeandika jina langu lote, namba yangu, na jinsi ilivyokuwa: nusu ya vidonge, miezi minne, unga wa sokoni, simu isiyopigwa. Nimeandika kwamba mgonjwa huyu hakuacha dawa hata siku moja, alimeza kila alichopewa na mtu aliyemwamini. Nimetia sahihi. Iweke juu ya ile barua ya rufaa, aanze na hii.

Nakujua. Utaisoma kwenye basi, utaona aibu kwa ajili yangu, utataka kuichana kabla hamjafika Singida. Ulishanibeba mara moja ukiwa hata kutembea unatembea kwa taabu.

Mpe, Kabula. Safari hii usinisitiri.

Ni mimi baba yako,
Masanja